Pete za Nusu Mwezi

Mama mkwe wangu alinipima kwa vitu vitatu kabla ya kukubali niolewe kwake: ugali, ng'ombe na uzi. Ugali nilipita, kwa sababu hata mtu asiyetupenda sisi watu wa ziwa hajawahi kusema kwamba hatujui kusonga. Ng'ombe nilianguka mchana peupe. Uzi ndio ulionichukua miezi na kunitia wazimu kidogo, na ndio ninaotaka kuusimulia.

Wakati huo hakuwa mama mkwe wangu bado. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa lao kule Kiplombe, na watu wote walimwita Chairlady, mumewe akiwemo. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi mjini Eldoret, msichana wa ziwani aliyeletwa huku na kazi akabaki kwa sababu ya mwana wa Chairlady. Kijana huyo alikuwa karani kwenye ghala la mahindi. Alikuwa mpole, alicheka vichekesho vyangu hata vile vibaya, na siku za mvua alinisubiri langoni mwa shule na mwavuli wenye ubavu uliovunjika. Nilimpenda. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani niliyavumilia yote yanayofuata kwa sababu ya kupenda lesi.

Kasoro yake ilikuwa moja tu. Ukimwuliza jambo lolote zito alikuna shingo akasema, "Fanya tu vile Mama amesema." Katika nchi ya miaka ile hiyo haikuwa kasoro, ilikuwa sifa ya kumpandisha mtu cheo. Lakini kwa mtu unayetaka akuoe, inachosha.

Siku ya kwanza kupelekwa kwao nilikabidhiwa kigoda, ndoo na ng'ombe. Nilikamata chuchu nikakaza kwa nguvu zangu zote. Hakikutoka kitu. Nikakaza zaidi. Ng'ombe aligeuza shingo akanitazama kwa huruma, kisha akaipiga ndoo teke.

"Hiyo ni kunyonga kuku," Chairlady alisema akiwa amesimama nyuma yangu na mikono kiunoni. "Kaza, alafu uachilie. Ukikaza tu, maziwa itatoka wapi?"

"Kwetu tunajua samaki, Mama," nilijitetea.

"Hata samaki humwoni hapa." Akaninyang'anya kigoda, akakamua ndoo nzima akiwa anaongea na jirani ng'ambo ya ua. Alipomaliza alinitazama mikono. "Ya ng'ombe huna. Tutaona kama uko na ya uzi. Jumamosi kuja kikundi. Ukinimalizia alama ya Biblia, ile ya kushikia ukurasa, ikiwa poa, tutapanga safari ya kuenda kuona wazee wako. Kama hapana, basi."

Hivyo ndivyo ndoa yangu ilivyotundikwa kwenye uzi. Kule nyumbani mama yangu alikuwa ameshawaambia majirani kwamba wageni kutoka Eldoret wako njiani, na jogoo wawili walikuwa wamefungwa kamba miguuni tayari kwa siku hiyo. Nilimwambia mpenzi wangu kwamba mama yake ameweka harusi yetu rehani kwa kipande cha lesi. Alikuna shingo. Nadhani mnajua alichosema.

Sebule ya Chairlady ilikuwa hospitali ya samani. Hakuna kilichoachwa uchi. Viti vilikuwa na vitambaa mgongoni na mikononi, thamosi ilikuwa na sketi, na hata picha ya Mtukufu Rais ukutani ilikuwa imevikwa kitambaa cha kroshia juu ya fremu, jambo ambalo sikuwahi kujua kama ni heshima au ni uhaini. Kroshia kila mwanamke wa Eldoret aliijua. Lakini juu ya redio palikuwa na kitambaa cha aina nyingine, cheupe, chepesi, kilichojaa pete ndogo ndogo zilizoshikana, kila pete imezungukwa na vitanzi vidogo vya urembo. Hiyo ndiyo tatingi. Wanawake wa kikundi walikitazama kitambaa kile kwa macho waliyotazamia madhabahu.

"Chairlady alitengeneza hiyo akiwa bado na macho mazuri," mama mmoja wa kijiji cha Soy aliniambia kwa sauti ya chini. Mama huyo alikuwa na ulimi mrefu na ndiye aliyekuwa msaidizi wa Chairlady. "Alifundishwa na mzungu wa misheni, yeye peke yake."

Tatingi haina sindano wala kijiti. Ina kichombo kidogo cha plastiki chenye uzi tumboni, kilichochongoka ncha zote mbili, na sisi tulikiita mtumbwi. Siku ile Chairlady alinikabidhi wangu mbele ya wote. "Wewe ni wa ziwa," alisema. "Mtumbwi haiwezi kukushinda." Wanawake wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa natafuta mume.

Unauzungusha uzi kwenye vidole vya mkono wa kushoto, unapitisha mtumbwi chini kisha juu, hiyo ni nusu fundo. Unapitisha juu kisha chini, hiyo ni nusu ya pili. Mafundo yakikaa ya kutosha, unavuta uzi wa mtumbwi, na ule mzunguko wa mkononi unajikusanya na kuwa pete. Ndivyo inavyosemekana. Alama yetu ya Biblia ilikuwa zoezi dogo la kuanzia: pete tano zinazofuatana kwenye utepe, na ndani ya hizo tano ufundi wote wa urembo. Pete ya kwanza ilikuwa na vitanzi vifupi, ambavyo tuliviita masikio. Ya pili ilikuwa na masikio marefu. Ya tatu ilikuwa na masikio yanayopanda na kushuka, mafupi pembeni na marefu katikati. Ya nne ilitiwa shanga. Ya tano ilifundisha kuunganisha, yaani pete mpya inamshika mwenzake sikio na kutomwachilia. Hilo nililielewa upesi kwa sababu ndiyo kazi niliyofanya shuleni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Kwa masikio, Chairlady alikuwa na mkono wa ajabu, na sitamnyima haki yake. Alikata kipande cha pakiti ya maziwa ya shule, ile ya pembe tatu, akakitumia kupimia, na masikio yake yalitoka sawasawa yote. Shanga zake hazikulala upande. Alijua sikio likiwa refu mno linalegea na likiwa fupi mno linajificha. Tulijifunza mengi kwake. Kulikuwa na jambo moja tu dogo ambalo halikwenda.

Pete hazikufunga.

Si zangu tu, za kila mtu. Ulivuta uzi na hakuna kilichosogea. Ulivuta tena, uzi ukakukata kidole. Fundo lilikuwa limeuma na kukwama mahali pake, na tatingi ina tabia ya kiburi kwamba fundo likishakazwa halifunguki, unakata kwa mkasi na kuanza upya. Kikundi kizima kilikuwa kinazalisha nusu duara.

"Kaza," Chairlady alisema akipita nyuma yetu, macho yake yakituchapa kama fimbo. "Kaza uzi, kaza kidole, kaza roho. Nyinyi mnashika uzi ni kama mnasalimia mgonjwa."

Tulikaza. Vidole vilibadilika rangi. Kadiri tulivyokaza ndivyo pete zilivyokataa, na kadiri zilivyokataa ndivyo tulivyoambiwa tukaze, na hakuna aliyeona ubaya wowote katika mpango huo. Kabla sijafika, Chairlady alikuwa ameshatatua tatizo kwa njia ya viongozi: alilipa jina. Alitangaza kwamba huo ni mtindo, unaitwa nusu mwezi. Nusu miezi ilishonwa kwenye utepe kwa sindano ya kawaida, masikio yakitazama juu, na nusu Eldoret ilikuwa na nusu miezi kwenye Biblia na meza zake.

Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama miezi hiyo si ya Waislamu, na kama inafaa kulala ndani ya Neno. Chairlady alimjibu kwamba mwezi uliumbwa na Mungu siku ya nne, na kama Waislamu waliukuta angani si makosa yake. Mzee akarudi kukaa. Hakuna aliyeuliza swali lingine, na hasa lile lililokuwa mbele ya macho yetu: kwa nini kitambaa cha juu ya redio hakikuwa na nusu mwezi hata mmoja.

Mimi nililiona kila Jumamosi. Nililiona nikanyamaza. Mkono usioweza kuukata, ubusu, na mkono huu nilikuwa naomba unipe mume. Isitoshe, huo ulikuwa mwaka wa kupiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya mgombea. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu, nikapiga makofi na wenzangu, na Jumatatu nikarudi darasani kufundisha watoto ipi ni kubwa na ipi ni ndogo. Nani alikuwa na uwezo wa kushangaa kwamba duara ni nusu?

Lakini alama yangu ya Biblia ilirudishwa. Mara ya kwanza miezi haikulingana. Mara ya pili mishono ya sindano ilionekana. Mara ya tatu Chairlady hakusema kosa, alinirudishia tu na kusema, "Bado." Kule ziwani mama yangu alituma salamu kuuliza kama wageni wamepotea njia, kwa sababu jogoo mmoja amekufa. Usiku huo nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimwelekeze nani. Nilitaka kuolewa na yule kijana wa mwavuli, na kati yangu na yeye palikuwa na pete ambayo hata mwalimu wetu hakuweza kuifunga.

Ilifungwa na serikali.

Nasema kweli. Ilikuwa sikukuu ya taifa, na walimu tulipelekwa uwanjani alfajiri pamoja na watoto, tukae juani tusubiri hotuba. Mkubwa wa serikali alifika saa tano. Hotuba ilisomwa kwanza kwa Kiingereza, ambacho watoto hawakukielewa, kisha kwa Kiswahili, ambacho msomaji hakukielewa. Nilikuwa nimeficha mtumbwi wangu ndani ya leso, nikawa nafanya mafundo bila kuangalia. Tulikuwa tumefika sehemu ya kuwaonya wasiotosheka, na kope zangu zikawa nzito. Kichwa kilishuka. Vidole vya mkono wa kushoto vikalegea, wa kulia ukabaki umeuvuta mtumbwi, na nikahisi kitu kidogo kikiruka.

Niliamka nikatazama. Fundo lilikuwa limehama. Badala ya uzi wa mtumbwi kujifunga juu ya uzi wa mkono, uzi wa mkono ndio uliojifunga juu ya uzi wa mtumbwi, nao uzi wa mtumbwi ukapita katikati umenyooka, huru, unateleza. Nilifanya lingine, nikalegeza vidole makusudi. Likaruka. Nikafanya mengine na masikio kati yake, nikavuta. Pete ilifunga taratibu mpaka ncha zikabusiana. Wakati huo huo uwanja mzima ulipiga makofi, nami nikapiga. Sikumbuki hotuba nyingine yoyote ya miaka ile iliyonifaa.

Siri yote ilikuwa kulegeza. Si muda wote, mara moja tu, mahali pake, fundo lipate nafasi ya kuruka. Wiki ile nilitengeneza alama nzima yenye pete tano kamili, masikio, shanga na kushikana, nikaitia ndani ya Biblia yangu. Kisha nilitengeneza nyingine ya nusu miezi, nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, ya kumpelekea Chairlady.

"Nimwonyeshe hii iliyofunga?" nilimwuliza kijana wangu.

Alizitazama zote mbili kwa muda. Kwa mara ya kwanza hakusema nifanye vile Mama amesema. Alisema, "Ukimwonyesha mbele ya watu, hatuoani. Na usipomwonyesha, utaishi kwetu ukijua." Halafu akakuna shingo. Nilitamani afadhali angesema lile la zamani.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya kukagua kazi. Mke wa mkuu wa wilaya angetutembelea mwezi uliofuata, na alama bora ya Biblia ingekuwa zawadi yake. Nilikwenda na nusu miezi yangu mkononi na adabu usoni. Tulianza kwa sala. Chairlady alimwambia yule mama wa Soy asome fungu, na mama wa Soy, aliyekuwa amesahau Biblia yake nyumbani, akanyoosha mkono akachukua yangu kabla sijasema lolote.

Akafungua. Ile alama ikaanguka mezani katikati ya vikombe.

Aliiokota akaigeuza. Akaivuta huku na huku. "Hii imefunga," alisema, na wenzake wakarefusha shingo kuiona.

Chairlady aliichukua. Alizipitisha pete zote tano chini ya kidole gumba, moja baada ya nyingine, na sikuona kitu usoni mwake. "Umenunua kwa Mhindi," alisema.

"Hapana, Mama."

"Msichana mwenye ananunua kazi akisema ni yake, kesho atanunua nini ingine?" Hakupandisha sauti. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Wanawake walitazama sakafu, na nikaona safari ya kwenda kwa wazee wangu ikiondoka taratibu kupitia dirishani.

Sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa nimeitwa mwongo, na ukoo wetu una ngozi nyepesi sehemu hiyo. Nilitoa mtumbwi. "Nitafanya hapa mkiona," nilisema, nikauzungusha uzi, nikapiga fundo, sikio, fundo, sikio, na kila fundo nikalegeza likaruka. Kisha nikavuta. Pete ikajikunja mbele yao wote na kufunga.

Walimtazama Chairlady. Mimi pia nilimtazama, na kwa muda mfupi sana nikaona mdomo wake ukitafuta mahali pa kukaa.

"Mmeona?" alisema. "Hiyo ndiyo nimekuwa nikiwaambia kila Jumamosi. Hamsikii. Imebidi mtoto wa ziwa ndiye asikie."

"Ni kweli, Chairlady," mama wa Soy alisema papo hapo, akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata. Nami nikapiga. Nilikuwa na mazoezi.

"Jumamosi ijayo nitawaonyesha tena, pole pole, kwa sababu nyinyi ni wagumu," Chairlady aliongeza. Akaitia alama yangu ndani ya Biblia yake mwenyewe, akafunga kikao kwa sala. Wanawake walipoanza kutoka, alininyooshea kidole. "Wewe baki uoshe vikombe."

Niliosha vikombe nikijua ni vya mwisho. Nilikuwa nimeshatunga hata maneno ya kumwambia mama yangu, na ya kumwambia yule kijana aliyekuwa nje akipasua kuni kwa mwendo wa mtu asiyetaka zimalizike haraka aitwe ndani. Chairlady aliingia jikoni akafunga mlango. Akasogeza kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, akaketi kwenye kigoda, akatoa mtumbwi kwenye mfuko wa aproni. Ulikuwa wa zamani, wa mfupa, umekuwa wa manjano kwa kushikwa.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu, Mama. Nililala kwenye hotuba."

Alinitazama aone kama namdhihaki. "Mimi sijawahi kulala kwenye hotuba," alisema, na sauti yake haikuwa ya kujisifu, ilikuwa ya mtu aliyegundua ametupa kitu. Halafu, macho yakiwa kwenye mafiga, akasema, "Yule mzungu alinionyesha siku mbili. Masikio, na shanga. Akasema kufunga tutafanya kesho. Kesho yake akashikwa na ugonjwa, wakambeba kwenda kwao, na hakurudi. Aliniachia hii, na ile kitambaa ya redio. Watu wakakuja wakaona kitambaa. Wakasema mimi ni fundi. Wakaniita mwalimu. Wewe ungekataa?"

Nilifikiria jinsi ya kujibu ukweli bila kumwacha peke yake. "Hapana, Mama."

"Miaka yote nikiwa peke yangu najaribu. Nikikaza, nikikaza. Sasa ningeuliza nani? Nani anauliza akiwa yeye ndiye Chairlady?"

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuchaguliwa bila kupingwa. Niliketi sakafuni karibu naye. Ile hasira niliyokuwa nimeilea miezi yote niliitafuta sikuipata.

"Jumamosi inakuja," alisema. "Watataka nionyeshe. Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe." Sikumtaja mwanawe, kwa kuwa yeye hakujua kufunga fundo lolote, hata la viatu.

"Basi utaolewa hapa. Kitu kama hiyo siwezi acha iende kwa nyumba ya mtu mwingine."

Wengine huposwa kwa sifa ya uzuri wao, wengine kwa kabila, wengine kwa heshima ya baba zao. Mimi nilikubaliwa kwa sababu ile ile inayoifanya serikali imweke karibu mtu anayejua mengi. Ningekasirika, lakini mkono wake ulikuwa umeshanishika mkono.

"Haya," alisema. "Nionyeshe."

Nilimwekea uzi vidoleni. Alipiga nusu fundo safi kabisa, akavuta mtumbwi, na vidole vya kushoto vikasimama wima kama askari wa gwaride.

"Legeza, Mama."

"Nimelegeza."

"Bado."

"Hii ni kulegeza yangu." Kidole kilikuwa kigumu. Alikuwa amekaza mambo mengi kwa vidole vile, watoto, mahindi, kikundi, kanisa, na hakuna siku aliyoambiwa aachilie hata kimoja. Alijaribu tena, likakwama. Akakata kwa mkasi. Akajaribu tena, likakwama, akakata. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Nikamwona akiangalia mlango.

"Mama," nikasema, "ukikamua ng'ombe, unakaza tu?"

Alitaka kunikemea. Kisha akaitazama mikono yake yote miwili. Aliifungua, akaifunga, akaifungua, hewani, bila ng'ombe. Nikaona vidole vikikumbuka. Akachukua uzi. Nusu fundo, kaza kulia, achilia kushoto.

Liliruka.

Alipiga mafundo ya pete nzima hivyo, akiachilia kila moja, midomo ikisogea, na masikio kati yake yakakaa sawa bila kupimwa. Alipofika mwisho alisita. "Ikikataa?" aliuliza, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake.

"Vuta tu, Mama."

Alivuta. Pete ilikuja polepole mpaka ikafunga, ndogo, nyeupe, imekamilika pande zote. Aliiweka juu ya kiganja akaitazama kwa muda mrefu. Macho yake yalilowa na akalaumu moshi, ingawa moto ulikuwa umekufa zamani. Nilimpenda wakati ule, jambo ambalo halikuwa kwenye mipango yangu hata kidogo.

"Kumbe ni kidogo hivi," alisema.

Alijifuta kwa ncha ya aproni, akaificha pete kifuani, akafungua mlango. Sauti ilikuwa imesharudi kuwa ile ya kila siku, iliyosikika mpaka kwa majirani.

"Wewe," alimwita mwanawe, "wacha kuni. Kuja unywe chai na bibi yako."